Jina la Mbio za Tano

Mbio za kwanza zilikuwa rahisi, na Talaso Boru alizimaliza kabla chai yake haijapoa. Farasi watano tu kwenye kadi. Mjomba Kasema alibebeshwa uzito mkubwa kuliko wenzake wote, Posho alikuwa ndiyo kwanza amepona kikohozi, na yule Usinichezee, aliyesifiwa redioni wiki nzima hadi watu wakachoka, alipangiwa kizimba cha nje kabisa, ambako mchanga haujashikana. Zamani mtu angekaa na kadi hiyo asubuhi nzima akijikuna kichwa. Talaso alibonyeza kioo mara moja, na Mizani, mashine ya kupimia mbio, ikawakimbiza farasi hao wote ndani yake, mara maelfu, kabla hajameza funda la pili.

"Pilipili," alisema. "Wa pili Mjomba Kasema."

"Pilipili," akaitikia Bwana Ontita kutoka kwenye kiti chake mlangoni, akagonga muhuri wake kwenye kioo kidogo alichopakata. "Twende."

Ontita alikuwa msimamizi wa Baraza la Mbio, mtu wa suti hata kwenye joto la Malka Adi, na ufunguo wa mnara ulining'inia shingoni mwake. Kila Jumamosi alfajiri alijifungia humo juu na Talaso, na simu zao wote wawili zikabaki chini kwa askari. Huko chini nako farasi na wapanda farasi walifungiwa uani, ili asiwepo wa kunong'onezana na mwenzake. Mtabiri, ndiye Talaso, alichagua majina asubuhi, msimamizi akayagonga muhuri, kisha mchana, kabla ya kila mbio, mtabiri akayasoma kwenye spika za uwanja mzima. Kazi safi, ya kukaa kivulini. Mama yake Talaso tu ndiye aliyeikataa. Hakugusa sukari iliyonunuliwa kwa mshahara wa kamari, na hilo alilisema waziwazi, hata mbele ya wageni.

Mbio za pili, farasi majike watupu, Talaso alimchagua Zuhura bila kusita. Za tatu akampa Kelele, maana umbali ulikuwa mfupi na Kelele huchomoka kizimbani kama aliyechomwa sindano. Za nne zilimtoa jasho kidogo, kwa kuwa mvua ilikuwa imegoma na ardhi upande wa pampu ya maji ilikauka ikawa ngumu kama sakafu, akabadili mawazo mara mbili.

Halafu akafika za tano.

Farasi saba. Jina la nne kwenye kadi lilikuwa Ukungu, dume la kijivu, na mbele yake, kwenye safu ya wapanda farasi, paliandikwa Dida Boru. Ndugu yake wa tumbo moja.

Jana jioni, kabla ya kwenda kufungiwa uani, Dida alipitia nyumbani akala ugali wa watu wawili, akafuta mikono, akamtazama dada yake kwa lile jicho lake la kuomba.

"Dada, kesho utanitaja?"

"Hata ningejua nisingekwambia. Unataka nifungwe?"

"Sikulazimishi. Nauliza tu." Akacheka, lakini macho hayakucheka. "Miaka yote hii napanda, sijaonyesha viganja hata siku moja. Watoto wa juzi wameonyesha. Akiru ameonyesha mara ngapi? Mimi wananiita Mikono Mifukoni."

Desturi hiyo ilikuwa ya Malka Adi peke yake. Mwaka fulani mpanda farasi aliyetajwa wa kwanza alivuta hatamu mwishoni, akashindwa, na watu wakaamini amenunuliwa. Mawe yalirushwa siku hiyo. Tangu hapo, anayetajwa wa kwanza huinua mikono yote miwili mbele ya vizimba na kuwaonyesha watu viganja, kwamba hatamzuia farasi wake hata kidogo, toka hatua ya kwanza mpaka nguzo ya mwisho. Aliyeonyesha viganja kisha akavuta hatamu, afadhali ahame mji.

Mizani iliijua desturi hiyo vizuri. Kila farasi alitiwa ushanga chini ya ngozi ya shingo tangu akiwa mtoto, na ushanga huo uliieleza Mizani mapigo ya moyo, pumzi, na uzito unaotua kwenye kila kwato. Mpanda farasi naye alikuwa na wake kwenye kifungo cha fulana. Mtabiri aliandika jina la wa kutajwa, Mizani ikamwachia farasi huyo hatamu na kuwazuia kidogo wengine, kama watakavyofanya wenyewe, kisha ikatazama nani anatangulia. Ilikuwa inatafuta jina ambalo likitajwa litatimia.

Talaso aliandika Ukungu. Ukungu akashinda, tena kwa nafasi pana mno. Moyo wa Talaso ukaruka kwa furaha, haki ya Mungu, akatabasamu peke yake kama mjinga. Dida ataonyesha viganja!

Lakini nafasi ile ilimsumbua. Baba yake, aliyefuga farasi kabla mnara haujajengwa, hakujali farasi amefikaje. Alikaa mlangoni kwa boma akimsubiri anaporudi, na wanawe walipokuja wakikimbiza aliwapigia kelele kutoka mbali: "Mrudishe akitembea!" Alisema farasi anaporudi akitembea ndipo anapokuonyesha alivyo. Kwa hiyo Talaso alikuwa na kijitabia chake ambacho leseni yake ya utabiri haikukiruhusu wala kukikataza waziwazi. Mara mojamoja, akitia shaka, aliiacha Mizani iendelee kupita nguzo, mpaka farasi watulie.

Akaiacha iendelee.

Ukungu alipita nguzo. Akaenda kidogo. Kisha mstari wa moyo wake ukatikisika, ukalala. Farasi sita waliokuwa nyuma wakampitia juu, na mstari mwembamba wa kifungo cha fulana, wa Dida, nao ukalala.

Talaso akarudia. Akarudia tena. Katika kila mbio kumi, nane ziliishia hivyo.

"Vipi?" Ontita aliuliza. "Umenyamaza sana leo."

"Ngoja," Talaso alisema. Akaweka kikombe chini.

*

Alipomwonyesha, Ontita alisogea karibu na kioo, akavua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa.

"Nani kakwambia upite nguzo?"

"Bwana Ontita, umeona au hujaona?"

"Mizani inaishia nguzoni. Leseni inasema nguzoni."

"Farasi haishii nguzoni!"

"Usinipigie kelele, mama. Daktari wa wanyama amempima asubuhi hii. Mzima. Nitamtoa kwenye kadi kwa sababu gani? Kwa sababu dada ya mpandaji ameota?" Aliposema neno hilo aliona aibu, sauti ikashuka. "Sikia. Ukilitamka neno kufa kwenye spika hizo, kesho kila mwenye farasi aliyewahi kuanguka hapa atakuja na wakili wake. Watauliza nani aliwataja."

Talaso alikumbuka walioanguka. Mwaka jana Lulu, kabla yake Shababi. Watu walisema ni joto. Wote wawili aliwataja yeye, wa kwanza, kwa sauti yake nzuri ambayo watu waliipenda redioni. Akashika ukingo wa meza.

"Basi nimtaje mwingine," alisema. "Ukungu asipotajwa, Dida atamzuia kama kawaida. Atatokea wa tatu, wa nne, atarudi akitembea."

"Mwingine nani?"

Akaandika Bibi Arusi, farasi jike wa hudhurungi, mpole. Ukungu akazuiliwa, akafika wa tatu, akarudi mzima. Talaso akashusha pumzi. Kisha akaona kwenye kona ya pampu, penye ardhi ile kavu, Bibi Arusi aliyeachiwa hatamu akiteleza. Si mara nyingi. Mbili katika kumi. Na juu ya Bibi Arusi alikuwa Akiru Ekal, yule Mturkana mcheshi ambaye kila alipokutana na Talaso alimwambia, "Mtabiri, nitabirie mume, farasi ninao."

Akafuta. Akaandika Kaniki. Kaniki alimbamiza mtu kwenye uzio, mara chache, lakini alimbamiza. Akaandika wa nne, wa tano, wa sita, wa saba. Kila aliyeachiwa hatamu kwenye ardhi ile, palikuwa na mstari mmoja uliolala mahali fulani. Jina lolote aliloandika lilimweka mtu hatarini. Akaacha nafasi wazi, abonyeze bila jina, na Mizani ikamjibu kwa adabu: Tafadhali jaza jina.

"Mbili katika kumi ni ndogo," alisema kwa sauti kavu.

"Ndogo," Ontita alikubali. "Akiru naye ana mama yake huko Lokichar. Utampigia wewe simu, au nimpigie mimi?"

Talaso aligeukia kioo. Alimchukia kwa sababu alisema kweli. Kichwani alikuwa ameshamtaja Bibi Arusi, ameshalia kwa ajili ya Akiru na ameshajisamehe, yote kwa dakika moja, na alipojiona hivyo alijiogopa.

"Mimi nataka jina," Ontita alisema taratibu. "Sheria inataka jina lililo la kweli. La kweli ni Ukungu. Na mara mbili katika kumi ndugu yako anabaki hai, huenda leo ndiyo moja ya hizo. Niandike?"

"Andika unachotaka," alisema Talaso.

Muhuri ukagongwa.

*

Mchana watu walijaa uwanjani mpaka kwenye paa za vibanda. Paneli za jua zilizozunguka uwanja zilikunjwa ili zisiwapige farasi macho. Pilipili alishinda. Zuhura alishinda. Kelele alishinda, na za nne vilevile, na kila mara mpandaji aliyetajwa alipoinua viganja, watu walivuma, na Talaso akaziba masikio. Siku nyingine sauti ile ilimpendeza.

Farasi wa mbio za tano wakatolewa. Aliwaona kupitia kioo, wakizungushwa polepole mbele ya vizimba, na Dida juu ya Ukungu, mgongo umenyooka, uso ameuelekeza kwenye mnara. Anasubiri. Hata kwa umbali ule Talaso alijua anavyosubiri, tangu utotoni akingoja aitwe chakula huwa anainua kidevu hivyohivyo.

Ontita alisukuma kipaza sauti mbele yake. "Soma."

"Mbio za tano," Talaso alisema, na sauti yake ikarudi kutoka kila upande wa uwanja. Akakitazama kidevu kile kilichoinuliwa. "Mbio za tano sitaji mtu."

Kwanza hawakuelewa. Kisha makelele yakaanza chini, ya kuulizana, halafu ya hasira. Ontita aliruka kitini.

"Umerogwa? Kuna muhuri hapa! Taja jina!"

"Taja wewe."

Asingeweza, na wote wawili walilijua hilo. Jina halihesabiki ila kwa sauti ya mtabiri aliyeapishwa. Talaso aliketi, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alipata nafuu. Hajatajwa mtu. Kila mmoja atamshika farasi wake. Hakuna wa kuachia hatamu, kwa hiyo hakuna wa kufa. Mbona ilikuwa rahisi hivi?

Ndipo alipomwona Dida.

Dida alimtoa Ukungu kwenye mstari, akamgeuza akaukabili mnara. Dada yake wa damu alikuwa ameona heri avunje kazi yake kuliko kulitaja jina lake, hivyo ndivyo alivyoelewa, na ukimweka mtu yeyote pale angeelewa vivyo hivyo. Akaachia hatamu. Akainua mikono yote miwili, juu kabisa, akamwonyesha Talaso viganja.

Uwanja ukalipuka. Haijawahi kutokea mtu kujitaja mwenyewe!

"La," Talaso alisema. "La, la, la. Dida, wee!"

Mizani ilijua mapigo ya moyo wa Dida. Hasira zake haikuzijua, na yeye dada mtu, aliyelala naye kitanda kimoja utotoni, alizisahau.

Vizimba vikafunguka.

Ukungu alitangulia kutoka mwanzo. Alikimbia vizuri, lazima isemwe, shingo mbele, miguu haionekani, na Dida alikuwa amejilaza juu yake bila kuvuta chochote. Kona ya pampu akaipita akiwa peke yake. Watu waliokuwa wanazomea sasa walikuwa wanaimba jina lake. Mikono Mifukoni! Mikono Mifukoni! Nafasi ilizidi kutanuka, ileile aliyoiona asubuhi.

Talaso alikivamia kipaza sauti.

"Dida, shika hatamu! Mvute! Ukifika mbele atakufia, nimeona, moyo wake utapasuka, Dida, nakuomba!"

Ontita alimshika bega. Talaso akamsukuma. Chini watu walicheka, wengine walitukana, na Dida hata kichwa hakugeuza. Ilibaki mita chache tu za mwisho. Maneno ya kuomba yalimwishia, na kilichomtoka kooni hakikuwa sauti yake ya redioni, kilikuwa ukelele wa mlangoni kwa boma, wa jioni, wa mtu aliyezikwa zamani.

"Mrudishe akitembea!"

Mikono ya Dida ilivuta kabla yeye mwenyewe hajaamua. Hivyo ndivyo Talaso alivyoona, na baadaye hakuna aliyeweza kumwambia vingine. Ukungu alirusha kichwa, akakataa, akapunguza. Kaniki akampita, kisha Bibi Arusi, kisha mwingine. Ukungu alivuka nguzo akiwa wa nne, akaenda kwa mchakamchaka, akatembea.

Wote saba walikuwa wamesimama kwa miguu yao.

Chupa ya kwanza iligonga kioo cha mnara. Ontita aliinama, akatazama nje, uso umempauka, kisha akauvua ufunguo shingoni na kufungua mlango wa nyuma.

"Shuka huku," alisema. "Kazi hii huna tena, unajua?"

"Najua."

"Nenda basi, kabla hawajapanda."

*

Talaso alimkuta ndugu yake kwenye banda la mwisho. Askari wawili walikuwa mlangoni wakizuia watu, na ndani Dida alikuwa anamfuta Ukungu jasho kwa gunia, kwa nguvu, kama anayesugua sufuria. Fulana yake ilikuwa imeloa mate ya watu. Hakugeuka.

"Nilikuwa nashinda," alisema.

"Najua."

"Ulijua tangu asubuhi?"

"Tangu asubuhi. Ulikuwa unashinda, Dida. Halafu mnakufa wote wawili."

Akamweleza. Alieleza vibaya, maneno yakipandana, ya mistari iliyolala, ya Akiru, ya jina linalomweka mtu hatarini. Dida alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaja akamshika mkono, si kwa ukali, akamvuta mpaka kwa farasi na kukibandika kiganja chake nyuma ya kiwiko cha mguu wa mbele, pale penye joto.

"Sikia," alisema. "Huo ndio moyo unaopasuka?"

Moyo wa Ukungu ulipiga mkononi mwake. Ulipiga kwa nguvu, kwa mpangilio, bila haraka. Talaso alisubiri uteleze, hata mara moja tu, apate cha kumwonyesha ndugu yake. Haukuteleza. Ulikuwa moyo wa farasi mzima aliyerudi akitembea.

"Nitaonyesha wapi uso wangu?" Dida alikuwa analia sasa, bila kujificha. "Nimeonyesha viganja, halafu nikavuta. Mbele ya mji mzima! Na sauti ya Baba umeitoa wapi? Hata sauti ya Baba, Talaso?"

Hakumwita dada. Huko nje watu walikuwa bado wanapiga mabati, na spika zilikuwa kimya, kwa kuwa mbio za sita hazikuwa na wa kuzisoma.

"Niombe radhi," Dida alisema. "Angalau hilo."

Talaso alimtazama, kidevu kile, kamasi zile, kifua kikipanda na kushuka ndani ya fulana chafu. Mkono wake aliuacha palepale kwa farasi.

"Nisamehe, ndugu yangu," alisema, na hakujuta hata chembe.